Kompaila Mbichi

Mzee Ambilikile na Sekela, mke wa mwanawe, waliishi nyumba moja na kufanya kazi moja kwa miaka sita bila kutazamana usoni hata mara moja. Usicheke. Kwa Wanyakyusa wa zamani jambo hilo linaitwa ukutila: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe, haongei naye ana kwa ana, na jina lake halitaji. Mimi nalitaja kwa raha zangu, sikuolewa kwake. Vijana wengi wa mjini walishaachana na mambo hayo, na hata kanisani walikuwa wakiambiwa si lazima. Lakini mzee alikuwa anaandika kamusi ya Kinyakyusa, na alisema mtu hawezi kuandika maneno ya watu asubuhi halafu jioni akayakanyaga.

Kazi yao ilifanyika hivi. Nyumba ilikuwa pembezoni mwa Tukuyu, upande wa kuelekea Kisondela, na kati ya chumba cha mzee na sebule ndogo palikuwa na ukuta wa mbao wenye uwazi wa mlango uliofungwa pazia tu. Mzee alikaa upande wake kwenye kiti. Sekela alikaa upande wa pili mbele ya kompyuta. Pale mlangoni, kwenye kigoda, alikaa Tulinagwe, mke wa mzee, akimenya ndizi au akichambua maharage. Mzee alimwambia mkewe neno na maana yake kwa sauti iliyotosha kupita pazia, mkewe akaitikia "mm", na huku ng'ambo vidole vya Sekela vikawa vimeshaandika. Kisha Sekela aliyasoma aliyoyaandika, kana kwamba anamsomea mama mkwe. Akikosea, hata kidogo tu, fimbo ya mzee iligonga mbao, ko! Na aliyefokewa ni Tulinagwe, maskini wa Mungu, kwa kosa lisilo lake.

"Tulinagwe! Tangu lini mgomba ukazaa ukiwa bado chipukizi? Sema vizuri!"

Sekela alijiziba mdomo kwa khanga asisikike akicheka, kisha akasahihisha.

Ndivyo alivyokuwa yule mzee. Angeweza kumsamehe mwizi wa kuku, lakini maana ya neno ikipindishwa mbele yake hakunyamaza, awe na homa, awe katikati ya sala. Kuna Jumapili alimkatiza mhubiri ibadani, watu wakaangalia viatu vyao kwa aibu. Hiyo tuiache.

Ilikuwa ni ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa na kununuliwa upya. Viwanda vya chai vilipata wenyewe wapya, simu za mkononi zilianza kushika Tukuyu kwa kubahatisha, na kule Dar es Salaam kompyuta za mitumba zilishushwa bandarini kama mashati. Nelson, mtoto wa mzee na mume wa Sekela, alikuwa fundi wa kompyuta huko Dar. Alinunua moja, akaifunga kwa magodoro mawili ya kitoto, akaileta nyumbani kwa basi. Ndani yake aliweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa haikudai leseni na haikuogopa mashine kuukuu, akamwandikia baba yake programu ya kutunzia kamusi. Sekela, ambaye alikuwa akifundisha hisabati sekondari, alijifunza kuiendesha hadi akaizoea kama jiko lake.

Mzee mwenyewe hakuwahi kuiona vizuri hiyo kompyuta. Mtoto wa jicho alikuwa amemshika macho yote mawili kabla hata kazi haijaanza, na kushika kalamu alikuwa ameshaacha. Ndiyo maana hapakuwa na karatasi popote. Kila neno lilitoka mdomoni mwake, likapita pazia, likaingia kwenye mashine, na huko ndiko lilikokuwa peke yake.

Halafu miguu yake ikaanza kuvimba, kisha tumbo. Hospitali walimpa dawa, na baadaye wakamwambia Tulinagwe kwa upole amrudishe nyumbani akakae na watu wake. Mzee hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza kitabu kimefika wapi.

"Hata nisipokiona, nitakishika," alisema. "Nikishakishika, basi, nyinyi mtafanya mnavyotaka."

Mchapaji mmoja wa Mbeya alikubali kukichapa, ila alitaka kurasa ziwe zimeshapangwa safu mbili mbili, kila neno na maana yake pembeni. Nelson akaifanyia programu yake matengenezo, na kwa kuwa matengenezo hayo aliyafanya kwa kompaila mpya, alituma yote mawili kwenye sidii moja kwa kondakta wa basi. Kompaila, kwa asiyejua, ni programu inayochukua maandishi ya fundi na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Ile ya zamani iliyokuwa kwenye kompyuta ya Sekela ilikuwa ya polepole lakini ilishapikwa ikaiva. Hii mpya Nelson mwenyewe aliiandikia juu ya kasha: *Bado mbichi, wenyewe wanaijaribu. Hakikisha una nakala ya maneno.*

Nakala Sekela alikuwa nazo. Alikuwa amezinakili kwenye flopi, vile vibamba vya plastiki vya mraba, akazipanga kwenye boksi la biskuti. Na kwa kuwa Tukuyu mvua haikati na ukungu unaota hadi ndani ya viatu, alimpa mama mkwe boksi lile akamwomba alitunze mahali pakavu. Kwa hiyo moyo wake ulikuwa umetulia.

Jumatatu asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, Tulinagwe alitoka chumbani kwa mzee na beseni mkononi, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Anauliza kitabu," alisema.

"Mwambie leo, mama. Mwambie leo kinapangwa."

Hapo ndipo haraka ilipomwingia Sekela. Alitia sidii, akaanza kuiweka ile kompaila mpya. Mashine ilimwonya mara kadhaa kwamba haipatani na ya zamani, naye akayapita yale maonyo kama mtu anayepita kwa wadai, akaing'oa ile ya zamani kabisa. Kisha akaipa kompaila mpya programu ya Nelson iigeuze. Kompyuta ikaunguruma asubuhi nzima, Sekela akiomba umeme usikatike, na kwa maajabu haukukatika. Hapakutokea kosa hata moja. Alipoiendesha programu ikafanya kazi yake mara moja, ikaandika kwenye kioo kwamba imemaliza.

Kurasa zilitoka nzuri, jamani! Safu mbili zimenyooka, maneno yamekolezwa wino. Sekela alipiga makofi peke yake. Alishuka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, ndipo akagundua kuwa anasoma haraka mno. Hapakuwa na cha kusoma. Kila neno lilikuwa limesimama mahali pake, na pembeni yake, pale palipotakiwa kuwa na maana, palikuwa peupe.

Akaiendesha tena. Peupe. Akaiendesha mara nyingine, huku akiisemesha, "Acha mchezo, acha mchezo wewe." Peupe vilevile. Akalifungua faili lenyewe la kamusi alitazame bila programu. Programu ilikuwa imelisoma, ikalipanga, ikalihifadhi palepale juu ya lile la zamani kama ilivyoagizwa. Ila kompaila ilikuwa imegeuza vibaya kipande kimoja cha maandishi ya Nelson, na kila maana iliyopita hapo ilitokea upande wa pili ikiwa hewa tupu. Wala haikusema. Ingesema, angesimama.

Kisha akakumbuka flopi, akacheka kwa sauti, akakimbilia jikoni na mvua.

"Mama! Lile boksi nililokupa ulitunze?"

Tulinagwe alikuwa akichochea moto. Uso wake ulichangamka. "Lipo, mwanangu. Pakavu kabisa."

Akanyoosha mwiko juu. Juu ya mafiga, kwenye dari ya fito inayopigwa na moshi mchana na usiku, paliningʼinia mahindi ya mbegu, yale bora kuliko yote, yaliyotunzwa yasiguswe na ukungu wala dumuzi. Katikati ya mahindi, limebanwa vizuri kwa kamba ya mgomba, lilikaa boksi la biskuti, jeusi tii kwa masizi.

"Ulisema halitaki unyevu," Tulinagwe alisema. "Tukuyu hii, pakavu ni wapi kama si hapo? Mbegu zangu zinakaa hapo na hakuna hata moja iliyogoma kuota."

Sekela alilishusha. Plastiki ilikuwa imejikunja, flopi zimeshikana moja na nyingine, na alipojaribu kuitenganisha ya juu ilikatika mkononi. Angesema nini? Yule mama alikuwa amezipa heshima ileile anayoipa mbegu, chakula cha wanawe cha mwaka ujao.

Lakini Tulinagwe hakuwa mtoto. Aliutazama uso wa Sekela, kisha boksi, kisha akaketi chini kwenye majivu na gauni lake safi.

"Nimeharibu," alisema.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Wewe umemalizia tu."

Haikuwa faraja, lakini ndiyo iliyomtoka. Wakalia wote wawili, kwa kubana sauti, kwa sababu chumba cha mzee hakikuwa mbali.

Mtandao wa simu ulipatikana ukipanda mteremko wa chai nyuma ya nyumba na kusimama sehemu moja tu, bila kugeuka. Sekela alisimama hapo na mwavuli uliovunjika mbavu, akampigia Nelson, akamweleza.

"Si ulinakili?" Nelson aliuliza.

"Nilinakili. Mama aliziweka juu ya moto."

"Baada ya lile faili kuharibika, uliiendesha programu tena?"

"Ndiyo. Mara mbili. Nilidhani..."

"Basi imeandika juu kwa juu. Imekwenda, Sekela."

"Usiniambie imekwenda! Wewe ndiye uliyenitumia ugonjwa huu kwa basi! Uliona ni mbichi, ukanitumia mbichi! Mtu anaumwa kule ndani, ananiulizia kitabu kila kukicha, na wewe unaniambia imekwenda?"

Nelson hakujibu ukali kwa ukali. Alisikika akivuta pumzi. "Naomba ruhusa kazini, nakuja. Ila mwambie baba. Asije akaondoka anangoja kitu ambacho hakipo."

"Nimwambie kwa mdomo upi, Nelson?" Sekela alisema, na mtandao ukakatika. Alibaki kaishika simu sikioni hadi mvua ikaingia kwenye mkono wa sweta.

Hakumwambia. Wala Tulinagwe hakumwambia. Alisema akimwambia yeye, mzee atakufa siku hiyohiyo, na kisha watu watasema mke ndiye aliyemuua. Badala yake wanawake hao wawili walipanga ujanja. Maneno yalikuwepo, maana ndizo zilizopotea, na mwenye maana alikuwa bado anapumua. Basi wamwambie wanahakiki. Sekela asome neno, mzee aeleze, kama zamani.

Wakajaribu. Sekela alikaa mahali pake, Tulinagwe kigodani, neno la kwanza likasomwa. Upande wa pili wa pazia midomo ya mzee ilicheza, lakini sauti haikufika. Ile sauti iliyokuwa ikitikisa mbao sasa ilikuwa ya kunong'ona, na juu yake mvua ilikuwa ikitwanga bati. Tulinagwe aliinama hadi sikio likagusa ndevu za mzee, akanyanyuka, akaja mlangoni.

"Anasema ni kama kile kitu... kile cha kwenye mgomba. Si unakijua?"

"Kipi, mama?"

"Ngoja nimuulize tena."

Akaenda, akarudi, akaenda. Magoti yake yalikuwa mabovu, na alichokirudisha kila mara kilikuwa maneno yake mwenyewe, si ya mumewe. Asubuhi ilikwisha na hawakupata hata ukurasa. Mzee alichoka akasinzia, mdomo wazi. Sekela alipoona mama mkwe anajishika ukuta ili arudi tena kigodani, alisimama.

"Naingia," alisema.

Tulinagwe alimkamata kiganja. "Sekela! Tutasema nini kwa watu?"

"Mama, atakufa na maneno yake yote, na mimi nimekaa nyuma ya pazia nina adabu zangu! Hiyo adabu itamsaidia nani?"

Mvua iliendelea kupiga bati. Tulinagwe alimtazama kama mtu anayepima mzigo kabla hajaunyanyua. Halafu akavua khanga mabegani mwake, akamfunika nayo Sekela kichwa hadi machoni.

"Usimtazame, basi. Mpe mgongo," alisema.

Sekela aliingia kwa ubavu, uso ameuelekeza mlangoni, akipapasa kwa mkono hadi akagusa ubao wa kitanda. Akaketi kwenye kigoda, mgongo kwa mgonjwa. Nyuma yake alisikia kitanda kikilia polepole. Mzee alikuwa anajigeuza. Yule mtu ambaye hakuweza kutofautisha dirisha na ukuta, ambaye kugeuka kulimgharimu pumzi nzima, aligeuka akampa naye mgongo.

"Tata," Sekela alisema. Ndiyo baba kwa Kinyakyusa, na lilikuwa neno lake la kwanza kwake. "Nimekuja kusema kitu kibaya."

Akasema chote. Alisema kompaila, akasema flopi bila kutaja zilikuwa zimewekwa wapi, akasema haraka yake. Alipomaliza alingoja kufukuzwa.

"Nilijua," mzee alinong'ona. Kwa ukaribu ule sauti yake ilisikika kila neno. "Mashine yako haijalia tangu Jumatatu. Halafu nikasikia mnalia jikoni. Nikadhani Nelson amekufa."

"Nelson mzima, tata. Anakuja."

"Basi hakuna aliyekufa." Akapumzika. "Maneno yapo?"

"Maneno yapo. Maana ndizo zimekwenda."

Kitu kikamkwaruza mzee kifuani, Sekela akaogopa, kumbe ni kicheko. "Yamekuwa kama waheshimiwa wa kampeni," alisema. "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Yale mepesi yaache, watu wapo wanaoyajua. Nisomee yale ambayo nikienda mimi yanakwenda."

Na hivyo ndivyo walivyofanya kazi siku zilizobaki, mgongo kwa mgongo, Sekela akisoma kutoka karatasi alizonakilia maneno, mzee akiueleza ukuta maana, Sekela akiandika kwenye daftari la shule. Yalikuwepo maneno ambayo Sekela aliyeyaandika mwenyewe miaka iliyopita aliyasikia kama mapya. Lilikuwepo neno la mvua inayonyesha huku jua linawaka upande wa Isongole tu. Lilikuwepo neno la ng'ombe anayejua njia ya nyumbani kuliko mchungaji wake. Na hasira za mzee zilikuwa bado zipo, hata bila fimbo.

"Hapana! Si huzuni. Huzuni ni ya kila mtu. Hii ni ile ya mtu anayefika msibani akakuta wameshazika."

"Naandika, tata."

"Andika. Na usiipunguze."

Tulinagwe alileta uji, akamnywesha mzee kijiko kwa kijiko, akamlisha na Sekela hivyohivyo kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi. Hakuna aliyezungumzia mila. Jirani mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa alichungulia, akaona, akajifanya amesahau kitu nje. Zikatokea saa ambazo Sekela aliamini kabisa kwamba watamaliza. Kisha alitazama karatasi zilizobaki, akasikia pumzi za nyuma yake zilivyokuwa zikikwama, na tumaini likamtoka lote. Alikuwa akiandika kwa haraka mpaka kidole kikavimba, na bado maneno yalikuwa mengi kuliko pumzi za mzee.

Sauti ya mzee ikazidi kupungua. Sentensi zikawa vipande, vipande vikawa neno moja moja. Siku moja Sekela alisoma neno, na mzee alipoanza kuhangaika kulieleza, yeye akamtangulia.

"Ngoja, tata, hili nalikumbuka." Akaisema maana yake, vilevile kama mzee alivyoisema zamani kupitia pazia, hata pale alipokuwa akivuta maneno.

"Mm," mzee aliitikia.

Sekela alishtuka. Alisoma jingine, likaja. La tatu halikuja, akalia kwa hasira, mzee akampa mwanzo wake kwa shida, na lililobaki likamjia. Basi tangu hapo kazi ikageuka: yeye anasoma, yeye anasema, na mzee kazi yake ni "mm" tu. Pale alipokosea, "mm" haikuja. Ulikuja mguno wa kukasirika, na Sekela akarudia hadi apate. Mengi hayakupatikana tena. Aliyawekea mkwaju, kimstari cha mshazari, akapita, kila mkwaju ukimuuma.

Alasiri ile mvua ilikuwa kubwa. Nelson alikuwa njiani, ameshapita Iringa. Tulinagwe alikuwa jikoni anachemsha maji. Sekela alisoma neno la chipukizi linalotoka baada ya mgomba mama kukatwa, akaeleza.

"Mm," mzee aliitikia.

Akasoma jingine, akaeleza. Akangoja. Amesinzia, alijiambia, huwa anasinzia. Akampa muda, akasoma jingine, akaeleza taratibu, akaacha nafasi ya kuitikiwa. Nafasi ile ikabaki wazi. Aliandika hivyohivyo, lakini herufi zilitoka zimepinda.

"Tata?"

Hakugeuka. Alikuwa amekatazwa kugeuka, tena alikuwa anaogopa. Aliziacha zile karatasi za maneno magumu. Akachukua neno ambalo hata mtoto anayetambaa Rungwe analijua: ifula, mvua, ileile iliyokuwa ikitwanga bati juu ya vichwa vyao.

"Ifula," alisema kwa sauti kubwa. "Maana yake ni jua kali la kiangazi."

Akasikiliza.

"Jua kali, tata. Naandika hivyo." Na akaandika kweli, kwa wino, ili mzee asikie kalamu ikikwaruza. "Nimeandika. Kitachapwa hivyo, watu watasoma hivyo, watasema ndiye Ambilikile aliyesema." Jina lilimtoka na hakulishtukia. "Au ifula ni moto. Ni kiatu! Ifula ni kiatu cha mzungu! Nikosoe, tata. Nimekosea, nikosoe! Si ulikuwa hukubali? Si ulimkatiza hata mhubiri? Nikosoe mimi!"

Bati lilikuwa likiunguruma. Nyuma yake hapakutoka mguno, wala pumzi.

"Sekela!" Tulinagwe aliita kutoka jikoni. "Mbona unapiga kelele?"

Ndipo Sekela alipogeuka. Mzee alikuwa vilevile alivyojiweka siku ya kwanza, uso ukutani, amempa mgongo. Aliona kisogo chenye mvi na sikio moja lililojikunja juu, sikio la Nelson kabisa. Angeinama kidogo tu angeuona uso. Hakuinama. Alivua khanga kichwani, akamfunika nayo mabegani, akaipindia vizuri kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Hatua za Tulinagwe zilikuwa zinakuja uani, zinapiga maji. Sekela aliketi tena kwenye kigoda, akachukua daftari, akakata jua kali la kiangazi kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika: mvua.